Mgeni wa Bwaloni

Sahani ya mgeni ilianza kurudi jikoni ikiwa tupu.

Shule ya misheni ilikuwa na desturi hiyo tangu enzi za darasa moja na kanisa la miti. Kwenye ncha ya meza ndefu ya bwalo kiliachwa kiti ambacho hakuna aliyekikalia, na mbele yake iliwekwa sahani ya chakula. Kabla ya kula, watoto walisema kwa pamoja: "Mgeni, kiti ni chako, chakula ni chako, kaa nasi." Waasisi walitaka watoto wakue wakijua kwamba nyumba ya Mungu haikosi nafasi ya mtu. Baada ya mlo, mbwa wa shule alipewa chakula cha mgeni.

Sasa mbwa alikuwa anakonda.

"Kuna mtoto ana matumbo mawili," mpishi alimwambia mchungaji, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. "Sahani inarudi imelambwa mpaka inang'aa. Nikimkamata, atanijua mimi ni nani."

"Basi mvizie."

"Namvizia, Baba Mchungaji. Simwoni anayekula. Naona chakula kinapungua tu."

Mchungaji alicheka. Alikuwa na mambo mengine kichwani. Shule ilikuwa imekua kuliko majengo yake. Watoto walisoma kwa zamu, walilala wawili wawili, na bwaloni walibanana kama njugu kwenye ganda. Alipoletwa binti wa marehemu kaka yake mpishi, msichana mwembamba ambaye wenzake walimbandika jina la Kijiti kabla hajafungua begi, mchungaji alitikisa kichwa.

"Mama, hata pa kukaa hakuna."

"Papo. Kile kiti pale kinakaliwa na nani? Na hewa?"

"Kile ni cha mgeni."

"Na huyu? Hana baba, hana mama, ana shangazi tu. Mkimfukuza hapa, hana shule nyingine. Kama si yeye mgeni, basi sijui mnamngoja nani."

Kijiti akapewa kiti.

Mchana huo watoto walisema maneno yao kama kawaida, maana hakuna aliyefikiria kuyabadilisha. Kijiti alikaa. Mvulana aliyekuwa karibu naye, waliyemwita Spika kwa sababu ya mdomo wake, alimnong'oneza, "Kaa kwa adabu. Wewe sasa ni mtakatifu."

Wenzake walicheka. Kisha ikaja harufu, kama ya chuma kilicholoa, ile ambayo mtu huisikia pua inapotoka damu. Kijiko kilichomoka mkononi mwa Kijiti, kikapaa, kikashuka mpini chini, kikapenya kiganja cha Spika na kuzama kwenye mbao za meza.

Spika alipiga ukelele mmoja, kisha akautazama mkono wake kama si wake.

"Nani kafanya hivi?" Mwalimu wa hesabu alifika mbio na kumshika Kijiti begani. "Simama! Simama nakwambia!"

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi nini?"

Msichana alisema kwa sauti ndogo sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Sijakaa kwenye kiti. Nimekaa mapajani mwa mtu. Amenishika kiunoni."

Mwalimu alitazama. Kati ya Kijiti na ubao wa kiti palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Gauni lake lilikuwa limebonyea kiunoni, na alama za vidole zilikuwa zinazidi kudidimia kwenye kitambaa. Mwalimu alimvuta kwa nguvu zake zote. Kitu kilimpiga kifuani, akaruka juu ya benchi na kugonga ukuta, na waliokuwa karibu walisikia mfupa wa bega lake ukikatika.

Watoto wakakimbilia mlangoni, wakakanyagana. Mchungaji aliwapita akiwa na Biblia mkononi.

"Kwa jina la Bwana," alisema, "toka katika nyumba hii!"

Jibu lilitoka nyuma ya kichwa cha Kijiti, sauti nzito isiyo na haraka. "Mmeniambia kaa. Kila siku mmeniambia kaa. Leo mmenipakatisha mtoto, na sasa unasema toka. Nani anamfukuza mgeni aliyemwita mwenyewe?"

Mchungaji akafungua kinywa kuendelea na sala, na hapo taya lake likapinda upande mmoja kama mlango uliong'olewa bawaba, damu ikamwagika kwenye kola yake nyeupe, akapiga magoti akiwa ameushika uso kwa mikono miwili, huku Kijiti akizidi kubanwa, mbavu zikilia moja baada ya nyingine, macho yakimtoka, mdomo ukitafuta pumzi isiyokuwepo, na sahani zote za meza ile ndefu zikaanza kutetemeka na kupasuka kutoka ncha ile kuja huku, vipande vikiruka na kukata nyuso za watoto waliokuwa bado hawajaufikia mlango.

Mpishi alikuwa ametoka nje. Alirudi na jembe la bustani ya shule.

"Wewe!" alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya jikoni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekula hapa tangu lini? Huna haya? Umeshakuwa mtu wa nyumbani, na wa nyumbani wanafanya kazi. Mwache mtoto. Kamata jembe."

Jembe likachomoka mikononi mwake. Kijiti akaanguka sakafuni, akakohoa damu, akavuta pumzi. Jembe lilipita mlangoni likielea kimo cha mtu mrefu.

"Ameenda," mwalimu alinong'ona kutoka ukutani. "Mama, umemtoa."

Mpishi alikuwa ameshampakata mtoto. Nje, kwenye kiwanja kilichotengwa kwa madarasa mapya, jembe lilianza kupiga ardhi. Lilipiga bila kupumzika. Watoto waliobaki bwaloni walichungulia madirishani.

"Analima," mmoja alisema.

"Halimi, hayo si matuta."

Yalikuwa mashimo. Yalipangwa kwa mistari iliyonyooka, marefu kama mtoto aliyelala, membamba, yenye kina cha kufika kiunoni. Mpishi aliyatazama na kuelewa kosa lake. Alikuwa amempa jembe bila kumwambia achimbe nini.

Jembe lilisimama. Harufu ya chuma ikarudi mlangoni.

"Shamba liko tayari," sauti ilisema. "Mbegu ziko wapi?"

Watoto walijisogeza nyuma ya mpishi, na mkono wa Kijiti ukakaza kwenye kanga yake.

"Ni kiangazi," mpishi alisema hatimaye. "Nani anapanda kwenye vumbi? Ngoja mvua."

"Nitangoja."

Jembe likajiegemeza ukutani.

Mchungaji hakuweza kusema. Aliwaonyesha watoto lango kwa mkono. Walitoka kwa mstari, wakubwa wakiwabeba wadogo, Spika akiwa amefungwa kitambaa kilicholowa damu, mwalimu akikokota miguu, na hakuna aliyerudi kuchukua begi. Mpishi alikuwa wa mwisho, kwa kuwa Kijiti hakuweza kuvumilia kubebwa haraka.

"Shangazi, polepole. Mbavu zinanichoma."

"Vumilia, mwanangu. Lango lile pale. Usiangalie nyuma."

Upepo wa baridi ukapita kiwanjani. Jua likapotea. Mpishi aliongeza mwendo, mtoto akalia kwa maumivu, naye hakupunguza. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika langoni Kijiti alipogusa shingo yake na kutazama kidole.

"Shangazi," alisema, "limenidondokea tone."

Nyuma yao jembe likaondoka ukutani.