Kitanda cha Mrina Asali

Kila asubuhi Mama Pindo alikaa kwenye cherehani yake mlangoni, penye mwanga. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halikuwahi kufumuka. Nguo aliyoishona ilikaa mwilini sawasawa, bila kulegea hata kidogo. Alilijua hilo, na alijivunia.

Mumewe alikuwa mrina asali. Msimu wa asali alilala msituni kulinda mizinga. Chini kulikuwa na siafu, basi alifunga turubai kati ya miti miwili, akalala humo akining'inia. Siafu hawakumpata, lakini baridi ilimpata.

"Mgongo unaganda," alimwambia mkewe. "Juu nina mablanketi mawili. Chini ni kama nimelalia maji."

"Niachie mimi."

Akashona blanketi nene ndani ya kitanda kile cha turubai. Akalikaza barabara, likashikana na turubai. Kazi safi kabisa!

"Haya, vipi?" alimuuliza mumewe aliporudi.

"Kizuri sana, mke wangu."

Macho ya mume yalikuwa mekundu. Mama Pindo alidhani ni moshi wa kufukuzia nyuki. Laiti angeuliza tena!

Kumbe mwenzake hakuwa akilala. Siku moja usingizi ulimpitia akiwa juu ya mti. Akaanguka, akavunjika mguu, na mguu ukaunga vibaya. Kupanda miti ndiyo basi tena.

Msimu uliofuata, binti yao alisema, "Mizinga haitajilinda yenyewe. Nitakwenda mimi." Akakikunja kitanda cha baba yake.

Baba alimtazama, akasita. "Mwanangu, hicho kiache. Kina baridi."

Cherehani ilinyamaza. "Baridi?" Mama Pindo aliuliza. "Si uliniambia kizuri?"

"Ulikishona vizuri mno, mke wangu. Nilikosa pa kuanzia."

Mama Pindo hakugombana. Angegombana na nani? Alikibeba kitanda hadi kwa jirani, fundi wa mafriji. Mtaani walimwita Bwana Baridi.

Fundi alilibonyeza lile blanketi. "Shemeji, hili limelaliwa mpaka limekuwa karatasi. Blanketi halina joto lake lenyewe. Linatunza joto la mtu kwa hewa iliyotulia ndani yake. Ukililalia, hewa inatoka. Upepo unapita chini, unabeba joto lote la mgongo."

"Basi niongeze la pili?"

"Nalo atalibana vilevile. Toa hilo. Shona godoro jepesi, ulitundike nje, chini ya kitanda. Asililalie."

"Yaani lilegee?" Mama Pindo aliuliza kama aliyeambiwa atoke bila viatu.

"Lilegee, shemeji! Liguse turubai, lisibanwe. Ila lisiache uwazi, upepo utaingia. Na usilizungushie nailoni, jasho litalilowesha."

"Leo Bwana Baridi ananifundisha joto," alisema. Alijaribu kucheka, akashindwa.

Vitu vyote vilikuwamo chumbani mwake, vimejaa vumbi. Alilitoa lile blanketi, akafumua vitambaa vya miavuli mibovu, akaviunga viwe upande wa nje, vizuie upepo. Upande wa ndani aliweka shuka kuukuu. Katikati alijaza nyuzi nyepesi za mito ya zamani, zile zinazofura. Akapiga mishono michache, mbalimbali, ili nyuzi zisikusanyike pamoja. Mkono ulitaka kukaza. Aliuzuia.

Miisho yote miwili alitia lastiki, akaitundika pamoja na kamba za kitanda. Binti akalala humo. Mama akapitisha kiganja chini. Godoro lilikuwa limebanwa, akalegeza lastiki. Sasa likaacha uwazi, akavuta kidogo. Mwisho likagusa tu, likiwa bado limefura.

Binti alikwenda msituni. Aliporudi alianza kupiga kelele tangu njiani. "Mama! Nimelala fofofo! Jua ndilo limeniamsha!"

Wote walicheka. Baba naye akaomba kitanda kifungwe kwenye nguzo za baraza, ajaribu. Upepo wa jioni ulikuwa mkali. Alijilaza.

"Kumbe ndivyo kinavyokuwa," alisema.

Mama Pindo alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Machozi yalimtoka. "Nisamehe, mume wangu. Siku ile nilikuuliza, lakini nilitaka sifa tu."

Mumewe alikuwa ameshalala, mguu wake uliopinda ukining'inia nje ya turubai.