Njegere za Juni

Esnath alipoingia kwenye duka la vyombo vya umeme pale Makambako na bakuli la njegere mkononi, muuzaji alidhani ni mama ntilie aliyepotea njia. Kumbe ni fundi cherehani wa Njombe mjini, sketi ya pleti kaishona mwenyewe, sweta jekundu, kichwa juu, amefuata mashine ya kutoa hewa kwenye mifuko ya chakula cha kugandisha.

"Chukua hii yenye taa za buluu," muuzaji akasema. "Inakwenda sana."

"Taa hazilindi njegere. Washa zote tatu."

Akajaza mifuko mitatu, mashine zikanguruma, kisha akaibinya mifuko mmoja mmoja kwa kidole gumba. Wa taa za buluu ulifyatuka, njegere zikatawanyika sakafuni. Wa pili ulianza kulegea. Wa tatu, uliofungwa na mashine nyeupe isiyo na sura, ulikaa mgumu kama jiwe. Hiyo ndiyo akainunua.

Nyuma yake kijana mrefu mwenye koti la ngozi alikuwa akicheka. Aliitwa Amon, mkaguzi katika kiwanda cha kufungasha parachichi hapo hapo Makambako.

"Dada, mume ukimchagua hivi, utazeekea kwa wazazi."

"Afadhali nizeeke kuliko kufyatukiwa."

Amon naye akanunua ile ya taa za buluu, makusudi, ili apate sababu ya kuomba namba ya simu.

"Laazizi, mashine yangu haifungi," akawa anapiga kila jioni.

"Uliona mwenyewe dukani."

"Niliona. Ila isingefyatuka, ningekupigia kwa lipi?"

Penzi likakolea. Juni, mama yake Esnath alipotuma njegere kutoka Ipelele, Amon alikuja Njombe kusaidia. Esnath alizipitisha kwenye maji yanayochemka, akazipooza, akazikausha kwa kitambaa, akazigandisha, ndipo akazifunga, kila mfuko na tarehe yake. Agosti Amon alizila hadi akaramba kijiko.

Desemba Amon akapiga simu. "Mpenzi, mama anakuja kutoka Iwawa kukuona Jumamosi. Chinja kuku, na mboga ununue sokoni. Hizo za friza usimwekee. Atasema mwanawe analishwa viporo."

Maneno yale yalimchoma Esnath. "Parachichi zenu zinakaa kwenye baridi wiki ngapi kabla hazijaliwa ng'ambo?"

"Ile ni biashara, Esnath."

"Na hizi ni jasho langu na la mama yangu. Unazila, halafu unazionea aibu." Akakata.

Siku nne simu iliita bila kupokewa. Si njegere zilizomnyima usingizi. Mwanaume anayeificha mifuko yake leo, kesho si atamficha yeye mwenyewe? Ijumaa akapokea.

"Esna wangu, mama anafika kesho. Nimwambie nini?"

"Mlete. Atakula nilichonacho, na wewe ndiye utakayemwambia ni cha lini. Ukishindwa, namba yangu uifute."

Mama Yunisi, mama yake Amon, alifika na kitenge kipya na sweta zito. "Kamwene, mwanangu," akamsalimia, na Esnath akamwamkia kwa kupiga goti. Ukaletwa ugali, kuku, na njegere za kijani zilizoungwa kwa vitunguu na karoti. Mama akaonja, akaonja tena.

"Desemba hii njegere umezitoa wapi?"

Esnath alimtazama Amon. Amon akaweka kijiko chini.

"Ni za Juni, mama," akasema. "Esnath alizifunga mwenyewe. Mimi nilimkataza asikupikie. Aibu ilikuwa yangu, si ya chakula."

Mama aliomba kuona mfuko. Akaubinya kwa kidole gumba, kama alivyofanya Esnath dukani.

"Kwetu viazi tunaviweka stoo miezi na miezi. Nani alikufundisha kwamba kuhifadhi ni aibu?" Akasogeza sahani. "Niongeze, mwanangu."

Fahari ilimpanda Esnath mpaka machoni, na hakujisumbua kuificha.

Mlangoni, Amon alimshika mkono. "Ile mashine yangu bado haifungi."

"Najua."

"Nikimtuma mshenga Ipelele, watampokea? Au tungoje msimu wa njegere, apate cha kula?"

"Mtume hata wiki ijayo," Esnath akasema. "Za Juni bado zipo."