Ua la Kavata na Ndugu Zake

Mwaka wa 1996 mvua ilikosa kunyesha katika kijiji cha Nuu. Kila asubuhi Nthenya alitoa mbuzi wake saba kwenda malishoni. Kila jioni walirudi na njaa.

Kando ya nyumba palikuwa na kaburi la Kavata, mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Mbuvi, alikuwa amepanda hapo waridi la jangwa kutoka mlimani. Shina lake lilikuwa nene, limejaa maji. Lilichanua hata wakati wa kiangazi.

Siku moja Nthenya alichukua panga. "Baba Kavata, nalikata ua hili niwape mbuzi. Wasipokula watakufa."

Mbuvi alilitazama kaburi. "Kata," alisema. "Kavata angewahurumia." Kisha akageuka asione.

Wakati huo alifika mgeni, Gathoni, mtafiti wa mimea kutoka Nairobi. Alikuwa akikusanya majani ya maua kama hayo. Alipoelezwa wanachotaka kufanya, alimshika Nthenya mkono polepole.

"Mama, usiwape. Lina sumu. Unaijua oleanda?"

"Naijua. Iliua mbuzi wa jirani yetu Muli. Lakini oleanda ni ya kigeni. Hili ni letu."

"Ni ndugu, mama." Gathoni alichuma jani. "Ndani ya jani hili kuna vitu vidogo sana vya kijani. Vinaitwa kloroplasti. Vinatumia jua kutengeneza chakula cha mmea. Ndani ya kloroplasti hizo kuna kitu kama maandishi. Katika mimea mingi, mama, yaani mmea unaozaa mbegu, ndiye huwapa watoto maandishi hayo. Sisi tunayasoma na kuyalinganisha. Yakifanana sana, tunajua ukoo ni wa karibu."

"Kama watu walivyosema Kavata ana macho yangu," Nthenya alisema.

"Ndivyo. Na ndugu hawa wawili wote wana sumu. Lakini si mimea yote ya ukoo mmoja iliyo na sumu, kwa hivyo usikisie. Muulize afisa wa kilimo. Mbuzi wakatie majani ya mti wa mukau, na uwaokotee maganda ya migunga."

Nthenya aliweka panga chini. Wiki hiyo Mbuvi alizungushia kaburi uzio wa miiba. Mbuzi mmoja alikufa kwa njaa. Sita waliiona mvua ya Novemba.

Asubuhi moja Mbuvi alimkuta mkewe ameketi kando ya uzio. Alikuwa akimwambia Kavata kwa sauti ya chini kwamba ua lake lina jamaa wengi duniani.

Mbuvi akaketi karibu naye. "Mwambie pia mbuzi mweupe amezaa," alisema.