Mifuko Iliyokataa Kuoza

Fundi cherehani alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Vitambaa alivipanga kwa rangi, nyuzi kwa unene. Hata lundo lake la mboji nyuma ya nyumba alilifunika kwa bati lisilowe, akalifagia pande zote kila asubuhi.

Mwenye duka alipoanza kufungia mikate kwenye mifuko ya plastiki ya mimea, fundi alifurahi. Aliambiwa imetengenezwa kwa nyuzi za miti, na ikitiwa kwenye mboji itaoza. Akakusanya mifuko hamsini, akaikunja mara nne kama mashati, akaipanga ndani ya lundo na kulishindilia kwa miguu.

Baada ya miezi mitatu alifukua. Mifuko ilitoka kama ilivyoingia. Mkewe alisema ingekuwa na vifungo wangeivaa. Yeye alitaka mboji ya nyanya zake. Alimwambia mumewe kwamba mvua zikianza bila mboji, lundo liondoke, apate pa kuanika nguo.

Fundi alikwenda dukani na mfuko mmoja, akamwita mwenye duka mwongo mbele ya wateja saba. Mmoja wao alikuwa jirani yake, mama anayelima uyoga. Alimwacha amalize, kisha akaomba aonyeshwe lundo.

Alitia mkono ndani. Ulitoka na vumbi tupu.

"Baba, humu hakuna anayeishi," alisema.

"Nani aishi kwenye takataka? Mimi nafukuza wadudu kila siku."

"Basi umefukuza wafanyakazi."

Akamweleza kwamba plastiki ile ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga majani na miti. Wanaoila ni bakteria na kuvu, wadogo wasioonekana kwa macho. Hawana meno. Hutoa majimaji yanayokata selulosi mpaka inakuwa sukari, ndipo wanainyonya. Lakini wanahitaji maji, hewa na chakula mchanganyiko. Kwenye lundo kavu lililoshindiliwa hawafanyi kazi, na mfuko uliokunjwa hawaufikii katikati. Plastiki ya kawaida asiitie kabisa, hawaiwezi. Na kila mfuko asome kwanza kama umeandikwa kwamba unaoza kwenye mboji ya nyumbani, maana mingine huhitaji joto kali la kiwandani.

Fundi alinuna. Hakuwahi kuambiwa kwamba unadhifu ni kosa. Hata hivyo alikata mifuko vipande vidogo, akavichanganya na maganda mabichi, majani makavu na mboji kidogo ya jirani. Alinyunyiza maji mpaka lundo likawa kama kitambaa kilichokamuliwa. Akaligeuza kila wiki.

Siku ya nne tangu aanze, alitia mkono akautoa haraka. Lundo lilikuwa la moto. Alikimbilia ndoo ya maji azime. Jirani akamwambia kutoka upande wa pili wa ua:

"Iweke chini, baba. Wanakula, na wakila wanatoa joto."

Siku hiyohiyo fundi alikwenda kuomba radhi dukani. Walikuwapo wateja wawili. Mwenye duka alimpa kiti, akamwomba asubiri wafike saba.

Mvua zilipoanza, fundi alichekecha mboji yote. Hakupata kipande hata kimoja cha mfuko, ila udongo mweusi unaonukia kama msitu. Mkewe aliumwaga kwenye matuta, na nyanya zikazaa mpaka vijiti vikainama.

Siku hizi lundo ni la mkewe. Fundi akileta maganda, huulizwa kwanza kama ameyakatakata.