Kisu cha Mama Ahlam na Kigari Changu Chekundu

Mke wangu alikuwa amechuchumaa uani, kisu cha mboga mkononi, anakata kitu kwenye kigari changu cha gofu.

Polepole... kama mtu anayechinja na hataki majirani wasikie.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuswali alfajiri. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango.

Akafuta kisu kwenye khanga. Akatazama mlangoni. Halafu akaingia jikoni, akaanza kuimba.

Ndugu zangu, miaka thelathini na nane ya ndoa. Sijawahi kumsikia akiimba asubuhi.

Kwa mliokuja juzi kwenye ukurasa huu, mie ni Sadallah, mstaafu, mkazi wa Tandale. Miaka thelathini na moja nilikata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Mchezo wenyewe hakunifundisha mtu. Niliuona nikiwa juu ya trekta, nikiwatazama wakubwa wanavyokosea.

Nilipostaafu wakaniruhusu nicheze kila Jumatatu asubuhi, siku ambayo wenyewe hawapo. Fimbo zangu ni zile walizozitupa kwa hasira. Mbili nimezinyoosha kwa goti.

Mwaka huu bega langu la kulia likapasuliwa.

Daktari akaniambia, "Mzee, tembea utakavyo. Ila begi la fimbo usilibebe tena."

Mama Ahlam, mke wangu, akasema basi jambo limekwisha, fimbo zigawiwe.

Sasa mie nikikaa nyumbani kutwa, mwezi mmoja tu, hapa hamtanisoma tena. Mtanisomea hitima.

Ndiyo nikaenda kutafuta kigari cha kusukumia begi.

Muhsin, mtoto wa mdogo wake Mama Ahlam, ana duka la vitu vya mtumba Sinza.

"Shikamoo ba'mkubwa."

"Marahaba. Vigari viko wapi?"

Alikuwa navyo viwili. Cha kwanza cha kijivu, magurudumu matatu mapana, breki ya mkono pale pale kwenye mpini. Kimechubuka kama sufuria ya mama ntilie.

Cha pili... chekundu. Kinang'aa. Kina pa kuchomeka mwavuli, pa kuweka kikombe, pa kuegesha simu. Magurudumu yake membamba, laini, kama ya kigari cha mtoto.

"Chukua cha kijivu," Muhsin akasema. "Hicho chekundu breki yake ni kipedali cha mguu, kinabana gurudumu moja tu. Kwenye mteremko wenye maji hakishiki."

"Muhsin, ule mteremko nilikuwa naukata nyasi wewe hujazaliwa. Unanifundisha?"

"Sikufundishi ba'mkubwa. Nakuomba."

"Kwenye hicho cha kijivu kikombe nakiweka wapi?"

Nikachukua chekundu.

Tena nilikipenda zaidi kwa ile pete ya chuma kwenye mpini. Mwaka juzi nilitua begi chini, nikaingia kichakani kutafuta mpira. Natoka... begi halipo. Mtu karuka nalo ukuta.

Nyie mnaujua huu mji. Hata ukikaa kunywa chai, mkoba unaupitisha mguuni kwanza.

Basi pale pale dukani nikatafuta kamba ya manila, ndefu ya kunitosha hata nikipiga mpira. Upande mmoja nikaufunga kwenye ile pete, fundo likazama ndani ya pete. Upande wa pili ni wa kujifunga mkono wangu wa kushoto nikiwa uwanjani. Fundo langu mie halifunguki bila meno.

Muhsin akaniangalia. "Na kikikimbia?"

"Kikikimbia na mwizi, nakwenda nacho."

Mama Ahlam alipokiona akasema kirudishwe dukani. Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Mara ya tatu hakusema kitu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuogopa.

Sasa rudini nami uani, asubuhi ile ya kisu.

Alipokuwa jikoni nikanyata mpaka kwenye kigari. Nikakanyaga breki... ikashika. Nikazungusha magurudumu, mazima yote. Nikakagua begi, zipu zote nzima. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye mpini kama nilivyoiacha, sikuigusa.

Basi alikata nini?

Bora ningeona breki imekatwa. Ningejua kifo changu kinatokea wapi.

Akaja na uji.

Nikaonja. Ladha siyo ile. Si ile kabisa.

"Kunywa uishe, Baba Ahlam."

Alipogeuka nikaumwagia kuku. Nikamtazama yule kuku dakika tano nzima. Na yeye akanitazama.

"Leo nakuja na wewe uwanjani," akasema.

Huyu mwanamke hajawahi kukanyaga ule uwanja. Hata siku walipoaga wastaafu alisema nyasi zinamwasha.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kukuangalia."

Akabeba mkoba wake kwapani. Nikachungulia jikoni. Kisu hakikuwepo kwenye vyombo.

Kwenye bajaji nilisoma dua zote ninazozijua, na mbili nilizozitunga mwenyewe.

Uwanjani nikamkuta Elibariki, mwenzangu wa Jumatatu. Yeye ni polisi mstaafu, nikaona huyu ndiye wa kumwachia ushahidi. Nikamvuta pembeni.

"Eli, nikifa leo, ukague mkoba wa mke wangu."

"Umekunywa dawa zako za presha?"

"Niko siriasi. Ana kisu."

"Shemeji kanisalimia vizuri tu, kaniuliza na watoto."

"Ndivyo wanavyoanzaga."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Polisi gani huyu... nikajua niko peke yangu.

Nikajifunga kamba mkononi, tukaanza.

Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Kila nikigeuka, Mama Ahlam yupo hatua kumi nyuma yangu. Hashiki simu. Hatazami mpira unakoenda.

Anatazama mkono wangu.

Mipira yangu siku ile ilikwenda Kigogo, ilikwenda Mburahati, ilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye shimo.

Tukafika shimo namba saba.

Namba saba inaanzia juu ya kilima. Chini kuna bwawa, na ukingo wa bwawa umejengwa kwa mawe makali. Ndani ya bwawa anakaa kenge ambaye mie nilishamwona akivuka njia, na ilibidi nizime trekta nimpishe. Mnaobisha njooni Jumatatu.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nyasi zinateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Nikakanyaga breki. Nikageuka nivute fimbo.

Nikasikia... chwiii.

Kigari kikasogea. Kidogo tu, kama mtu anayeaga.

Nikamtazama Mama Ahlam. Alikuwa ameshatupa viatu.

Halafu kigari kikaondoka, na mie nikaondoka nacho.

Hatua tatu za kwanza nilikimbia. Ya nne sikuikuta ardhi. Nikaanguka kifudifudi, mkono wa kushoto umenyooka mbele, naburutwa kama gunia la mkaa. Nyasi mdomoni. Kofia imekwenda. Begi lenye fimbo kumi na nne, mwavuli, na dumu la maji la lita tano, vyote vinanivuta kwenda kwenye mawe.

"Sadallah, achia!" Elibariki akapiga kelele.

"Siwezi... nimejifunga!"

Nikatafuta fundo kwa meno. Fundo langu zuri, la ufundi wangu wote. Halikusogea.

Mawe hayo. Nikaona hata moja lenye ukoko wa kijani, nikasema basi, kichwa changu kitapiga pale. Sikumwona mwizi yeyote pale wa kumzuia. Nilijiona mie tu, niliyejifunga kwenye kifo changu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikafumba macho.

Tap.

Mkono ukalegea. Nikateleza hatua mbili hivi, nikakwama. Baina ya pua yangu na jiwe la kwanza ingepita sahani moja.

Kigari kikagonga ukingo, kikaruka. Mwavuli ukafunguka wenyewe hewani. Kikatua katikati ya bwawa, kikazama na kikombe chake.

Nikasikia nyayo kwenye majani. Nikageuza shingo. Mama Ahlam, peku, mkoba kwapani.

"Usinimalize," nikamwambia. "Niache nitubu kwanza."

Akachuchumaa. Akafungua mkoba, akatoa kisu. Nikapiga shahada kwa sauti.

Akanishika mkono, akakata fundo lililobaki kwenye kiganja changu. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vya bluu.

"Tazama hapa," akasema.

Nikatazama mwisho wa kamba, ule uliokuwa kwenye pete. Nusu na zaidi ilikuwa imekatwa safi, kwa kisu. Nyuzi chache tu ndizo zilizochanika.

"Kumbe ulikuwa unakata kamba?"

"Muhsin alinipigia simu siku ile ile uliyotoka dukani. Akaniambia, mama mkubwa, hicho kigari kwenye mteremko hakisimami, na ba'mkubwa anataka kujifunga nacho."

"Si ungeitoa tu?"

"Ningeitoa ungefunga nyingine. Na wewe ninavyokujua, ungefunga ya waya." Akanifuta tope puani kwa ncha ya khanga. "Nikakuachia nyuzi za kukudanganya."

"Nilidhani unataka kuniua."

"Ningetaka kukuua, Baba Ahlam, ningekuachia kamba yako nzima."

Elibariki alikuwa ameshafika. Safari hii hakucheka.

"Na uji?" nikauliza. "Uji ulikuwa na nini?"

"Haukuwa na sukari. Daktari kakukataza tangu mwaka jana."

Kuku hakufa, jamani. Mchana ule alitaga yai.

Begi tulilitoa bwawani saa saba, fimbo zote zimo. Kigari kilitoka kimepinda shingo. Sasa nasukuma kile cha kijivu, chenye breki ya mkono. Namba saba nakiegesha kwa kukipa mteremko ubavu, kinasimama kama askari wa lindo. Kikombe nakishika mkononi.

Wazee wenzangu mnaotafuta kigari, sikilizeni. Msikijaribu kwenye vigae vya dukani, huko kila kigari ni kizuri. Kipelekeni kwenye kilima, majani yakiwa mabichi, begi likiwa limejaa. Ulizeni kwanza kitasimamaje, kikombe mtakiulizia baadaye. Na kitu cha kuibiwa kiache kiibiwe, usijifunge nacho.

Na anayekuonya mara mbili, ya tatu akanyamaza, usidhani amekubali. Huyo ameshaanza kufanya kazi.

Kila Jumatatu kabla sijatoka, Mama Ahlam anasimama mlangoni.

Mie namnyooshea mikono yote miwili, anaigeuza, anatafuta kamba viganjani na migongoni, mie nimesimama kama mtuhumiwa kituoni.

Halafu ndiyo ananiruhusu niende.