Mguu Uliozoea Cherehani ya Zamani

Kila alipotoka shule, Kijiti alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya wembamba wake. Alifagia vipande vya vitambaa, kisha akaketi kwenye cherehani ya miguu na kushona foronya. Mguu ulipanda na kushuka kwenye kanyagio huku yeye akipiga soga, na mshono ukanyooka bila yeye kuufikiria.

Siku moja shangazi alinunua cherehani ya umeme. Bibi naye alileta gauni lake jipya akashikilia kwamba pindo lishonwe na mjukuu wake, si mtu mwingine. Kijiti alifurahi kupita kiasi.

Lakini mguu wake ulikanyaga vilevile ulivyozoea, nayo cherehani ya umeme ukiikanyaga hivyo inatimua mbio. Mshono ulienda upogo. Akafumua, akarudia, ukaenda upogo tena. Kitambaa kilikuwa chepesi, na sasa kilianza kulegea. Kingefumuliwa mara nyingine, kingechanika.

"Huyu mke mwenzangu anashona pindo au anachora nyoka?" Bibi alitania.

Kijiti alijaribu kucheka, machozi yakimlengalenga. Akamwomba shangazi amalizie yeye.

Shangazi alikataa kwa upole. Alichomoa uzi kwenye sindano, akachora mistari kwenye karatasi, akamwambia ajaribu hapo kwanza. Kila mara kabla ya kubonyeza kanyagio, aseme anataka sindano ifike wapi.

"Mpaka kwenye kona, kisha nisimame," Kijiti alinong'ona.

Akapitiliza kona. Akajaribu tena, na tena. Taratibu matundu yakaanza kufuata mstari, na mguu ukajifunza kubonyeza kidogo tu na kutulia. Ndipo aliporudi kwenye gauni, akaenda mwendo wa kinyonga hadi mwisho.

Pindo lilinyooka. Bibi alilivaa gauni papo hapo, akajizungusha, kisha akaruka kwa sababu pini moja ilisahauliwa kiunoni. Wote wakacheka.

"Hukuwa mzembe, mwanangu," shangazi alisema akiitoa ile pini. "Jambo tukilirudia sana, ubongo hulifanya kwa mazoea, nasi tunapumzika. Hiyo ni neema. Ila kazi ikibadilika, mazoea hayana habari. Lazima uuambie ubongo wako unataka nini, halafu uuvumilie ukijifunza upya."