Makopo ya Bibi

Nyamizi alikuwa na miaka mitano. Aliishi Tabora na Mama na Bibi.

Jikoni kulikuwa na rafu. Juu ya rafu kulikuwa na makopo ya Bibi. Kila kopo lilikuwa na maandishi.

Nyamizi aligonga kopo la kwanza. Ko, ko, ko.
"Imeandikwa nini? Bibi, imeandikwa nini?"

"Maziwa," alisema Bibi.
Nyamizi akafungua. Pwo! Ndani mlikuwa na karanga.
"Maziwa yako wapi?"
"Yaliisha kabla hujazaliwa."

Ko, ko, ko.
"Imeandikwa nini? Bibi, imeandikwa nini?"
"Biskuti."
Pwo! Ndani mlikuwa na uzi na sindano.

"Bibi, kopo hili linadanganya."
"Halidanganyi. Biskuti zilihama, uzi ukahamia."

Mwisho wa rafu yalikaa makopo mawili ya kahawa. Yalifanana kama mapacha.
"Na humu mna nini?"
Bibi hakusikia. Alikuwa ameshatoka nje, anaanua nguo.

Nyamizi akayashusha. Pwo! Cheupe. Pwo! Cheupe tena.
Akayafunika. Akayarudisha.

Asubuhi Bibi alipika uji. Macho yake hayakuona vizuri, lakini mkono wake uliijua rafu. Kopo la kulia, sukari. Kopo la kushoto, chumvi.

Mama akanywa funda moja. Akaweka kikombe chini.
"Mama, umetia chumvi," alimwambia Bibi.
"Mimi? Nimechota kulia."

"Umechoka, Mama. Kuanzia kesho uji nitapika mimi."
Bibi alikaa na mwiko wake mkononi.

Nyamizi akaitazama rafu. Akamtazama Bibi.
"Bibi hajakosea," alisema. "Makopo niliyashusha mimi. Nilitaka kujua mna nini."

"Si ungeuliza," alisema Mama.
"Niliuliza. Bibi alikuwa anaanua nguo."
Bibi akacheka kidogo. Mama hakucheka.
"Na siku yakihama tena?" aliuliza Mama.

Nyamizi akafikiri.
"Mama, sukari inaandikwaje?"

Mama akaandika mchangani kwa kijiti. Nyamizi akaiga kwa mkaa, juu ya karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, kubwa kama vidole vya Bibi.
Kisha akaandika chumvi.

"Tutabandika kwa kitu gani? Gundi hatuna," alisema Mama.
Bibi akaleta sufuria.
"Uji huu haunyweki," alisema, "lakini unanata."

Wakapaka uji. Pata, pata, pata. Wakabandika.

Jioni karatasi zilikuwa zimekauka. Mama akagonga kopo. Ko, ko, ko.
"Imeandikwa nini? Mama, imeandikwa nini?"

Bibi akasogea.
"Su-ka-ri," akasoma. Akageukia la pili. "Chu-mvi."
Nyamizi akachovya kidole katika kila kopo, akaonja. Ni kweli.
"Haya, Mama," alisema Mama. "Uji ni wako."

Usiku Nyamizi alilala kando ya Bibi. Mto wao ulishonwa kwa mfuko wa zamani. Nao ulikuwa na maandishi.
"Imeandikwa nini? Bibi, imeandikwa nini?"

"Unga."
"Na ndani?"
"Sufi."
"Unga ulihama?"
"Ulihama. Na wewe lala. Kesho napika uji."